Sura ya 6: Kamera Inayochelewa Kuwaka

Mpiga picha anageuza swichi, na kioo cha kamera kinabaki cheusi kwa sekunde tano, pengine kumi. Lawama huiangukia kamera moja kwa moja. Watasema imezeeka, au betri imechoka, au ilinunuliwa ikiwa imekwishatumika na mwenyewe wa kwanza alijua kwa nini anaiuza. Hoja ya sura hii ni kwamba lawama hiyo mara nyingi inapelekwa pasipostahili. Kamera iliyokuwa ikiwaka upesi ikianza kuchelewa, mtuhumiwa wa kwanza awe kadi ya memori, na ndani ya kadi hiyo mtuhumiwa hasa ni kumbukumbu zinazoeleza nini kimehifadhiwa wapi, wala si ukubwa wa kadi au kasi iliyochapishwa usoni mwake. Hoja ina upande wa pili ambao ni mzito zaidi: kuchelewa huko ni dalili ya mapema kwamba picha zilizomo zinaweza kuwa hatarini. Anayekimbilia kuondoa kero kabla ya kuokoa picha anaweza kupata kamera nyepesi na kupoteza harusi nzima ya watu.

Tuanze na ushahidi ambao kila mwenye kamera anaweza kuupata kwa dakika chache. Zima kamera, toa kadi, funga kimlango chake, kisha washa. Ikiwaka papo hapo na kuonyesha tu alama kwamba haina kadi, basi betri, swichi, lenzi na kioo vimeondoka kwenye orodha ya watuhumiwa, kwa sababu vyote vimefanya kazi yao ya kila siku isipokuwa ile moja ya kusoma kadi. Rudisha kadi, washa tena, pima kwa saa ya simu. Hapa kuna jambo linalowapotosha wengi. Kamera nyingi zikizimwa hazilali usingizi mzito. Zinabaki zikikumbuka kadi iliyomo, na zikiwashwa bila kadi kuguswa zinaruka hatua ya kuisoma upya. Ndiyo maana mtu anaweza kurudisha kadi kutoka kwenye kompyuta asubuhi, akaona kamera inasuasua mara ya kwanza, halafu ikawaka vizuri mchana kutwa, naye akahitimisha kwamba ni baridi ya asubuhi. Ili ulinganifu uwe wa haki, fungua na ufunge kimlango cha kadi kabla ya kila kipimo. Kisha rudia zoezi zima kwa kadi nyingine iliyofomatiwa ndani ya kamera hiyohiyo. Kama kamera ina nafasi mbili za kadi, pima moja moja, kwa sababu kadi nzuri upande mmoja haiwezi kufidia kadi mbovu iliyo upande wa pili.

Wapo wanaopinga wakisema kwamba vyombo vyote huchakaa, na kamera ya miaka kumi haiwezi kuwa sawa na mpya. Ni kweli kwa sehemu zinazosogea: shata huchakaa, mota ya lenzi huchakaa, na betri hupungua nguvu. Lakini programu inayoiamsha kamera ni ileile iliyotoka nayo kiwandani, isipokuwa mwenyewe ameibadilisha kwa toleo jipya, na saketi zinazoiendesha hazipunguzi mwendo kwa sababu ya umri. Kitu kinachobadilika kila siku ndani ya kamera ni yaliyomo kwenye kadi. Leo picha mia nne zimeongezwa, kesho thelathini zimefutwa, keshokutwa kadi imechomekwa kwenye simu ya rafiki. Tatizo jipya likitokea, ni busara kulitafuta kwenye kitu kilichobadilika.

Sasa, kadi inapataje uwezo wa kuisimamisha mashine nzima? Kamera haiwezi kukuonyesha zimebaki picha ngapi, wala kujua picha ijayo iitwe nani, mpaka iihoji kadi kwanza. Mahojiano hayo yana hatua. Ya kwanza ni ya umeme tu. Kadi ya SD ya kawaida ina viguso tisa vya rangi ya dhahabu mgongoni, na kadi za UHS-II zina safu ya pili chini yake. Kamera huanza kuzungumza na kadi kwa mwendo wa polepole kupitia viguso hivyo, ikisubiri kadi itangaze kwamba iko tayari, na kanuni za SD zinairuhusu kadi kuchukua hadi sekunde 1 nzima katika hatua hiyo. Kiguso kimoja kikiwa na utando wa mafuta ya vidole au chembe ya vumbi, ujumbe unaharibika, na kamera inalazimika kuuliza tena. Kadi ndogo ya microSD iliyovalishwa adapta ina viguso mara mbili zaidi: vya kadi ndani ya adapta na vya adapta ndani ya kamera. Kwa hiyo ukiitumia kadi ya namna hiyo na kamera ikachelewa, jaribu kwanza kadi kamili ya SD kabla ya kuwaza lolote jingine.

Hatua ya pili ndiyo yenye mengi. Kadi haijui picha ni nini. Inachojua ni vipande vya nafasi, na mfumo wa faili ndio unaoandika kipande gani kina mzigo wa nani. Kadi za kuanzia GB 4 hadi 32 hufomatiwa kwa mfumo wa FAT32, ambao unaweka jedwali lenye mstari mmoja kwa kila kipande, na kila mstari una baiti 4. Kadi ya GB 32 iliyogawanywa katika vipande vya KB 32 ina vipande karibu milioni moja, hivyo jedwali lake peke yake lina karibu MB 4. Mfumo huo una pia ukurasa mdogo unaotunza hesabu ya vipande vilivyo wazi, lakini maelezo yake rasmi yanasema hesabu hiyo ni ya kudokezea tu na huenda isiwe sahihi. Kamera ni kama mtunza ghala anayekuta jumla imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: anaweza kuiamini na kufungua ghala, au, akiona imefutwafutwa, akakaa chini kuhesabu mstari kwa mstari wakati wateja wamesimama nje. Hesabu hiyo huharibika kwa njia za kawaida kabisa, kama vile kompyuta kuandika kwenye kadi kisha kadi ikachomolewa ghafla, au betri kukatika wakati kitaa chekundu kilicho karibu na kimlango bado kinapepesa. Na kama kadi ilifomatiwa kwenye kompyuta kwa vipande vidogo vya KB 4, jedwali la GB 32 hizohizo linafikia karibu MB 32, mara nane ya lile la awali. Kamera haikuomba mzigo huo. Umetwishwa na mtu aliyebofya kitufe bila kuangalia.

Kutokana na hayo watu wengine huhitimisha kwamba kadi kubwa ndiyo mbaya, na kwamba dawa ni kurudi kwenye kadi ndogo. Hitimisho hilo lina chembe ya ukweli ndani ya FAT32, ambako jedwali hukua pamoja na kadi. Lakini kadi za zaidi ya GB 32, zile zinazoitwa SDXC, hutumia mfumo wa exFAT, ambao Microsoft iliutoa mwaka 2006. Huo unaandika nafasi zilizo wazi kwa biti moja tu kwa kila kipande. Kadi ya GB 64 yenye vipande vya KB 128 inahitaji karibu KB 60 kueleza wapi pamejaa na wapi pako wazi. Linganisha KB 60 na MB 4, na utaona kwamba kadi yenye ukubwa mara mbili inaweza kuwa na kumbukumbu ya nafasi iliyo ndogo mara sitini na zaidi. Kwa hiyo ukubwa si kipimo cha kuaminika. Jambo la kuzingatia ni kama kamera yako inaukubali mfumo huo. Kamera za zamani zilizotengenezwa kabla ya SDXC kutangazwa mwaka 2009 kwa kawaida haziielewi exFAT, na kadi ikilazimishwa humo huwa kamera inaikataa, au inaomba kuifomati. Nyingine hukaa kimya muda mrefu kabla ya kutoa ujumbe wa kosa.

Pingamizi linalosikika zaidi madukani ni la kasi. Mteja akilalamika kwamba kamera inachelewa, ataambiwa anunue kadi yenye namba kubwa zaidi. Namba hizo ni za kweli kwenye kadi halisi, ila zinapima kitu kingine. Alama ya C10 ina maana kwamba kadi inaweza kuandika mfululizo bila kushuka chini ya MB 10 kwa sekunde. U3 na V30 ni MB 30, V90 ni MB 90. Ni ahadi kwa anayerekodi video, ili mkanda usikatike katikati ya hotuba ya baba wa bibi harusi. Kamera inapowaka hairekodi mkondo mrefu. Inadokoa vipande vidogo vilivyotawanyika: ukurasa huu wa jedwali, folda ile, faili jingine kule. Kadi inayomwaga MB 90 kwa sekunde katika mkondo ulionyooka inaweza kusuasua ikitakiwa kudokoa hivyo, na kadi ya bei ya kati iliyofomatiwa vizuri inaweza kuipita. Anayetaka kasi kwa ajili ya video na aitafute, ni haki yake. Lakini kuinunua kama dawa ya kuchelewa ni kutibu ugonjwa ambao haujapimwa, na mara nyingi hupona kwa sababu tu kadi mpya ni tupu.

Hatua ya tatu ya mahojiano ni kutafuta picha zenyewe. Kamera karibu zote hufuata utaratibu wa DCF uliotungwa Japani mwaka 1998: folda kuu inaitwa DCIM, ndani yake folda zinaanzia namba 100 hadi 999, na faili lina herufi nne zikifuatwa na namba kutoka 0001 hadi 9999. Ili kujua picha ijayo ipewe namba gani, kamera inapitia folda hizo. Fungua kadi iliyotumika miaka miwili bila kufomatiwa na uangalie kilichomo. Utakuta 100CANON kando ya 101MSDCF, kwa sababu kadi imezunguka kati ya kamera mbili za kampuni tofauti. Utakuta folda ya Android iliyoachwa na simu, faili zinazoanza na nukta na mstari wa chini zilizoachwa na kompyuta ya Mac, na nyimbo ambazo mtu alizihifadhi kwa muda akazisahau. Kamera nyingine huongeza kazi yao: za Sony, kwa mfano, hutunza hifadhidata ya picha ndani ya kadi, na kwenye menyu zina amri ya kuirekebisha pale isipolingana na mafaili yaliyopo. Ukihamisha au kubadilisha majina ya picha kupitia kompyuta, hifadhidata hiyo inabaki ikieleza mambo ambayo hayapo tena, na kamera inapoteza muda kupatanisha maelezo na hali halisi.

Mtu makini atauliza kwa nini asifute tu picha za zamani. Kufuta kunasaidia kidogo kuliko kunavyoonekana. Katika FAT32 faili likifutwa, mstari wake kwenye folda hauondoki. Unawekewa alama tu kwamba uko wazi, na folda yenyewe haipungui. Picha zilizowekewa ulinzi hazifutiki kwa amri ya kawaida, na vile vitu vilivyoachwa na simu na kompyuta kamera haivioni, kwa hiyo haiwezi kuvifuta. Zaidi ya yote, kufuta hakurekebishi jedwali lililoharibika. Vipande vilivyopotea, ambavyo jedwali linasema vimejaa lakini hakuna faili linalovidai, hubaki vilevile, na nafasi inaendelea kupungua bila sababu inayoonekana.

Basi dawa ni kufomati, ila si jambo la kwanza kufanya. Jedwali lililoharibika kiasi cha kuichelewesha kamera linaweza kuwa hatua moja tu kabla ya jedwali lisilosomeka kabisa. Acha kupiga picha kwenye kadi hiyo. Sogeza kifungio kidogo kilicho ubavuni mwa kadi ili kompyuta isiandike kitu, ichomeke kwenye kisoma kadi, na unakili kila kitu hadi sehemu mbili tofauti. Kompyuta ikikuuliza kama irekebishe makosa iliyoyaona, kataa kwanza. Urekebishaji hupatanisha jedwali kwa njia yake, na unaweza kukata picha ambazo zingeokolewa nzima. Picha zikikosekana, programu ya bure ya PhotoRec iliyoandikwa na Christophe Grenier haitegemei jedwali. Inapitia kadi nzima ikitafuta alama za mwanzo wa picha. Fungua baadhi ya picha ulizonakili, za mwanzo, za katikati na za mwisho, na uzitazame kwa ukubwa kamili. Orodha ya majina si uthibitisho kwamba picha zipo.

Baada ya hapo fomati, na fanya hivyo ndani ya kamera itakayoitumia kadi. Kamera itachagua ukubwa wa vipande unaoifaa, itaandika hesabu mpya ya nafasi, na kutengeneza folda zake. Kamera za Canon zina pia chaguo la kufomati kwa kina kwa kadi za SD, linalofaa pale kadi inapoandika polepole. Ukilazimika kutumia kompyuta, tumia programu ya SD Memory Card Formatter inayotolewa na SD Association, kwa sababu inafuata vipimo vya kadi, kisha umalizie kwa kufomati ndani ya kamera. Hofu kwamba kufomati mara kwa mara kunaua kadi haina msingi. Ni kweli seli za memori zina idadi ya mara zinazoweza kuandikwa, lakini kufomati kwa kawaida kunaandika upya majedwali tu, yaani megabaiti chache. Picha moja ya RAW kutoka kamera ya megapikseli 24 ina uzito wa MB 25 hivi. Anayeogopa kufomati baada ya kila kazi, huku akibonyeza shata mara elfu moja kwa siku, anaogopa tone akiwa ndani ya mvua.

Pingamizi ninalolipa uzito zaidi ni hili: kufomati kunaweza kuficha kadi inayokufa. Seli zikichoka, kidhibiti kilichomo ndani ya kadi hulazimika kusoma sehemu ileile mara kadhaa na kusahihisha makosa kabla ya kujibu. Kamera inasubiri bila kujua kinachoendelea. Ukifomati, majedwali yanaweza kuhamia kwenye seli zenye afya, na kwa wiki mbili kila kitu kikaonekana sawa. Kwa hiyo kufomati kuwe pia kipimo. Kuchelewa kukiondoka na kusirudi, kosa lilikuwa la kumbukumbu. Kukirudi baada ya muda mfupi ingawa kadi haijachomekwa kwenye simu wala kuchomolewa vibaya, kadi hiyo haifai tena kubeba kazi ya mtu, hata kama bado inapokea picha.

Kadi bandia inahitaji uangalifu wa peke yake. Ndani yake huwekwa memori ndogo, kisha kidhibiti kinafundishwa kudanganya: kinatangaza GB 128 wakati zilizopo ni 8. Picha za mwanzo zinahifadhiwa salama, na zinazofuata zinaandikwa juu ya nyingine au hazihifadhiwi popote, huku kamera ikiamini imefanikiwa. Majedwali yakiguswa, ndipo kuchelewa kunapoanza. Kufomati hakusaidii hapa, kwa kuwa uongo uko kwenye kidhibiti. Sanduku zuri na risiti havithibitishi kitu, iwe umenunua Kariakoo, Luthuli au mtandaoni. Kinachothibitisha ni kuijaza kadi yote na kuisoma tena, kazi inayofanywa bure na programu za F3 na H2testw. Kwa kadi ya GB 64 inayoandika MB 20 kwa sekunde, kuijaza tu kunachukua karibu saa nzima. Ni muda mrefu, lakini unatumika mara moja kwa kila kadi mpya, kabla haijaonja picha ya mteja.

Zipo kamera zinazochelewa bila kosa la kadi, na kipimo cha kutoa kadi ndicho kinachozitambulisha. Nyingine husafisha sensa kila zinapowashwa. Kubonyeza shata nusu kwa kawaida hukatisha usafishaji huo, na menyu inaruhusu kuuzima. Kamera ndogo yenye lenzi inayochomoza itasubiri mota imalize safari, na mchanga ukiingia kwenye lenzi safari hiyo inakuwa ndefu. Katika hali hizo kamera inachelewa kwa kiasi kilekile, ikiwa na kadi au bila kadi, na fundi ndiye mwenye jibu.

Kadi iliyoshindwa vipimo isigawiwe wala kuuzwa kwa bei ya kutupa. Kufomati kwa haraka hakufuti picha. Kunafuta kumbukumbu za mahali zilipo, na PhotoRec ileile iliyokuokolea kazi inaweza kumfungulia mgeni nyuso za watoto, ndani ya nyumba za wateja wako, na vyeti ulivyovipiga picha kwa ajili ya mtu. Ijaze kadi yote kwa mafaili yasiyo na maana ikiwa bado inaandika, kisha ikate kwa mkasi imara vipande kadhaa, ukihakikisha kichipu cheusi kilicho ndani ya ganda la plastiki nacho kimekatika.